Kwa nini dawa huisha zahanati, na jinsi hesabu inavyoweza kuzuia

Mama amembeba mtoto anayekohoa na kupumua kwa shida. Ametembea kutoka kijijini hadi zahanati, amepanga foleni, na mtoto amepimwa na kupatikana na nimonia. Kisha anaambiwa: "Amoksilini imeisha. Tafuta dukani."

Wakazi wengi wa Kitui na Makueni wameyasikia maneno hayo, na wengi hudhani chanzo chake ni kimoja tu, ukosefu wa pesa. Ni kweli kwamba wakati mwingine pesa huchelewa, na hilo halina haja ya kufichwa. Lakini dawa inaweza kuisha katika zahanati moja ilhali zahanati nyingine, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda, ina makasha ya dawa hiyo hiyo yanayokaribia kuharibika. Hapo shida haiko kwenye pesa, iko kwenye maamuzi: nani apelekewe nini, kiasi gani, na lini.

Makala haya yanaeleza jinsi maamuzi hayo yanavyofanywa, jinsi kompyuta inavyosaidia, mahali inapokosea, na sehemu yako wewe mkazi.

Kutoka kasha moja kwa wote hadi hesabu ya kila zahanati

Kuanzia miaka ya 1980, zahanati za mashambani nchini Kenya zilikuwa zikipelekewa dawa kwa makasha yaliyofungwa tayari. Kila zahanati ilipata kasha lenye vitu vile vile, iwe iko kwenye joto la nyanda za chini au kwenye baridi ya milimani. Mpango huo ulikuwa rahisi kuuendesha, lakini dawa zisizohitajika zilirundikana hadi zikaharibika, huku zinazohitajika sana zikiisha mapema. Baadaye nchi ikahamia mpango wa kuagiza: kila kituo kinaeleza kimetumia nini na kimebakiwa na nini, kisha kinapelekewa kulingana na mahitaji yake.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la vituo vya afya na famasia za kaunti. Muuzaji mkubwa wa dawa kwa vituo vya umma ni KEMSA, shirika la serikali linaloendeshwa chini ya sheria ya 2013, ambalo hupokea maagizo kupitia mtandao. Ili agizo liwe sahihi, lazima taarifa zitoke chini.

Safari ya taarifa huanza kwenye stoo ya zahanati, ambako kila dawa ina kadi yake. Dawa ikiingia au ikitoka, inaandikwa. Mwisho wa mwezi, muuguzi anajumlisha: tulianza na ngapi, tulipokea ngapi, tulitoa ngapi, zimebaki ngapi, na kwa siku ngapi hatukuwa na dawa. Ripoti za vituo huingizwa kwenye KHIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya uliojengwa juu ya programu ya DHIS2 ambayo Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011. Mfamasia wa kaunti ndogo anakagua, anarekebisha, kisha agizo linatumwa.

Mfumo saidizi wa maamuzi ni nini?

Ni programu ya kompyuta inayokusanya taarifa kutoka vituo vingi, kuzipigia hesabu, na kumwonyesha msimamizi hali ilivyo pamoja na njia anazoweza kuchagua. Inaweza kumwambia: "Vituo hivi vitaishiwa kabla ya mwezi kwisha, hivi vina akiba ya kupita kiasi, ukihamisha kasha kumi kutoka hapa hadi pale, wote watafika siku ya shehena." Uamuzi unabaki kuwa wa mtu, kwa hiyo mfumo huu unaitwa saidizi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukue mfano wa zahanati inayopelekewa dawa kila baada ya miezi mitatu, na inayotaka kubaki na akiba ya mwezi mmoja ili lori likichelewa isiaibike. Kwa kawaida inatibu wagonjwa 120 kwa mwezi kwa dawa fulani. Inahitaji dozi za miezi minne: 120 mara 4, yaani 480. Toa zilizobaki kwenye rafu, na hicho ndicho kiasi cha kuagiza.

Sasa tuseme mwezi wa tatu dawa iliisha katikati ya mwezi. Kadi inaonyesha matumizi ya 120, 120 na 60. Asiye makini atajumlisha 300, agawe kwa tatu, apate wastani wa 100. Ataagiza dozi 400. Lakini ile 60 haikumaanisha kwamba wagonjwa wamepungua. Ilimaanisha kwamba kwa nusu ya mwezi watu walikuja wakarudi mikono mitupu. Mahitaji yalibaki 120.

Dozi 400 kwa wagonjwa 120 kila mwezi ni miezi mitatu na siku 10. Akiba ya mwezi mmoja imegeuka kuwa siku 10. Lori likichelewa wiki mbili, zahanati itakaa siku nne bila dawa, na siku hizo nne zitaingia kwenye hesabu ya msimu unaofuata na kuipunguza tena. Hivyo ndivyo zahanati inavyoweza kudidimia mwaka hadi mwaka bila mtu yeyote kuiba hata kidonge kimoja. Mfumo mzuri huuliza siku za ukosefu na kurekebisha wastani. Lakini hauwezi kurekebisha kitu ambacho hakikuandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Yale ambayo kompyuta haiyaoni

Mfumo hutazama nyuma ili kukadiria mbele. Kwa hiyo hupotoka pale kesho isipofanana na jana.

Jirani zetu wa Makueni waliona hilo walipoanzisha MakueniCare mwaka 2016, mpango uliowezesha familia kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Watu ambao awali walivumilia maradhi nyumbani walianza kwenda hospitali. Kwa mpangaji wa dawa, rekodi za mwaka uliotangulia haziwezi kuonyesha wagonjwa wa aina hiyo, kwa sababu hawakuwahi kufika kuandikwa. Sera inapobadilika, lazima mtu aikumbushe kompyuta.

Mfano wa pili ni nyoka. Kitui ni miongoni mwa kaunti zinazosumbuliwa sana na nyoka wenye sumu. Dawa ya kuzuia sumu ni ghali, huharibika tarehe yake ikipita, aina nyingine huhitaji kuwekwa kwenye friji ya nyuzi joto kati ya 2 na 8, na lazima itolewe na mhudumu aliyefunzwa. Kaunti haiwezi kuiweka kila mahali. Ikiwekwa mjini pekee, mgonjwa wa Tseikuru au Mutha ana safari ndefu. Ikitawanywa kila zahanati, nyingi itaharibika kabla ya kutumika. Mfumo unaweza kupendekeza mahali pa kuiweka kwa kutazama umbali, friji na idadi ya walioumwa walioandikishwa.

Tatizo ni neno hilo la mwisho, walioandikishwa. Anayeumwa na nyoka akapelekwa kwa mganga au akakaa nyumbani na kamba mguuni, kwenye hesabu yeye ni sifuri. Eneo lenye majeruhi kumi waliojificha linaonekana kuwa salama kuliko eneo lenye wawili waliofika hospitali, na dawa inapelekwa kwa wale wawili. Kwa hiyo ukiumwa, usikate jeraha, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kukaza. Tuliza kiungo kisitikisike, vua pete na viatu, na uwahi hospitali. Utajiokoa wewe, na rekodi yako itasaidia kumwokoa atakayeumwa baada yako.

Mvua, ukame na barabara

Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 30,000 na ilikuwa na watu 1,136,187 katika sensa ya 2019. Mito yetu mingi ni michanga mitupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kisha hufurika kwa saa chache. Katika ramani ya kompyuta, njia fupi ni njia fupi tu. Dereva wa hapa anajua kwamba mwezi wa Novemba njia hiyo inaweza kuwa mto. Hatujasahau Disemba 2021, basi lililobeba waliokuwa wakienda harusini liliposombwa na mto Enziu huko Mwingi na zaidi ya watu 30 wakafariki. Shehena ya dawa haina thamani ya kuvuka maji yanayopanda. Njia ya busara ni kuagiza mapema ili maeneo ya ng'ambo ya mito yapate dawa zao kabla ya mvua za Oktoba hadi Disemba, na kuyawekea akiba kubwa zaidi kuliko vituo vilivyo kando ya lami.

Ukame nao una dalili zake za mapema. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Kitui na Makueni zikiwemo. Taarifa hiyo huunganisha mvua, hali ya mimea inayopimwa kwa setilaiti, bei za mifugo na nafaka sokoni, umbali wa kwenda kuteka maji, na hali ya lishe ya watoto. Kiashiria cha mimea kikishuka chini ya 35 ukame umeanza. Chini ya 20 ni mkali. Chini ya 10 umepita kiasi. Kutokana na hayo kaunti huwekwa katika hatua ya kawaida, tahadhari, hatari, dharura au ahueni.

Mimea hukauka kabla mtoto hajakonda. Katikati kuna wiki kadhaa za kujiandaa, na hapo ndipo maamuzi ya usambazaji yanapookoa maisha: kuagiza chakula tiba cha utapiamlo kabla ya watoto kuanza kulazwa, kutengeneza mitambo ya visima, kupanga malori ya maji. Katika ukame wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikatiza mfululizo katika Pembe ya Afrika. Anayesubiri kuhesabu watoto wagonjwa ndipo aagize, huagiza akiwa amechelewa.

Sehemu yako mkazi

Kwanza, ukikosa dawa, omba jina lako na dawa uliyoandikiwa viingizwe kwenye daftari kabla ya kuondoka. Mgonjwa aliyerudi kimya hayumo kwenye hesabu.

Pili, mjue mwakilishi wenu katika kamati ya kituo cha afya. Kamati ina nafasi ya kuuliza: kadi za stoo zinajazwa? Ripoti ya mwezi ilitumwa? Shehena ilipofika, mlihesabu mbele ya nani?

Tatu, mweleze ukweli mhamasishaji wa afya ya jamii anapokutembelea. Mtoto aliyekonda, mjamzito mpya na mzee wa shinikizo la damu ni idadi zinazohitajika mapema, si baadaye.

Nne, hudhuria vikao vya bajeti. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na pesa za dawa hujadiliwa miezi kabla ya hapo. Hoja yenye idadi, kwamba zahanati yetu ilikaa siku fulani bila dawa fulani, ina uzito kuliko malalamiko ya jumla. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba taarifa hizo.

Kompyuta inaweza kujumlisha vituo vyote vya kaunti kwa dakika moja, lakini hesabu yote inaanzia kwenye kadi moja ya stoo na mgonjwa mmoja aliyefika dirishani. Yule mama mwenye mtoto wa nimonia asipoandikwa leo, msimu ujao atakuja mama mwingine na kuambiwa maneno yale yale.