Baiskeli ya gia: ubadilishe cheni tu, au mfumo mzima?

Baiskeli za gia 18 au 21 tunazitegemea sana Nansio na vijiji vya Ukerewe: zinabeba dagaa, mihogo, machungwa na watoto wa shule. Lakini siku moja cheni inaanza kuruka ukikanyaga kwa nguvu, na fundi anakwambia: "Weka gia mpya zote." Je, ni lazima? Tupime kabla ya kutoa pesa.

Anza na rula

Chukua rula yenye inchi. Kwenye cheni mpya, kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi. Kwa hiyo kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Vuta cheni ikae sawa, kisha pima katikati ya pini hadi katikati ya pini.

- Ikiwa inchi 12 au imezidi kidogo sana, cheni bado nzima. Isafishe mchanga, itie oili, na mwambie fundi akague waya wa gia.
- Ikiwa imezidi kwa 1/16 ya inchi, badili cheni peke yake, mapema.
- Ikiwa imezidi kwa 1/8 ya inchi, gia za nyuma huenda nazo zimelika. Badili cheni na gia za nyuma pamoja, kwa sababu cheni mpya huruka kwenye meno yaliyolika.

Usipuuze. Cheni ikiruka ukipanda mlima na mzigo, unaweza kuanguka vibaya.

Gia nyingi si nguvu nyingi

Kinachorahisisha mlima ni idadi ya meno, si idadi ya gia. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina meno 24 kwenye gia ndogo ya mbele na 28 kwenye gia kubwa ya nyuma. Ukiweka gia za nyuma zinazofika meno 34, kukanyaga kunapungua uzito kwa zaidi kidogo ya moja ya sita. Ila muulize fundi kama kifaa cha nyuma cha kuhamishia cheni kitafika huko; pengine utahitaji kingine, na cheni ndefu zaidi.

Kutoka gia 7 za nyuma kwenda 9 ni jambo jingine. Mara nyingi utahitaji habu nyingine ya gurudumu, vibadilishio vipya na cheni nyembamba zaidi. Jumlisha gharama zote pamoja na ufundi. Zikikaribia nusu ya bei ya baiskeli, sisi tunashauri uache.

Kutoa gia kabisa

Kwenye njia tambarare, gia moja inatosha na vipuri ni rahisi kupata. Tazama kwanza pale ekseli ya nyuma inapokaa. Nafasi yake ikiwa imelala, gurudumu huvutwa nyuma kukaza cheni. Ikiwa imesimama wima, cheni haitakazika vizuri.

Kabla ya kuagiza Mwanza

Breki, rimu na fremu vitangulie: fremu yenye ufa haistahili gia mpya. Kisha hesabu gia za nyuma, sita au saba, na mpe unayemtuma ile gia kuukuu aende nayo dukani. Kipuri kisichoingia kitakugharimu nauli nyingine ya kuvuka ziwa.