Nani Aajiriwe Wodini: Mzoefu au Mwenye Digrii? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulipitia ngazi za uuguzi: cheti, diploma ya miaka 3 kama inayotolewa na chuo cha KMTC Kilifi, na digrii ya miaka 4 inayofuatwa na mwaka wa mafunzo ya kazini. Leo tuingie wodi ya watoto.

Mtoto analetwa hospitali ya Malindi kutoka Marafa saa nane za usiku, mwili moto, miguu baridi, mishipa imezama. Muuguzi aliyezoea zamu za usiku hupapasa nyuma ya kiganja, akikosa huhamia mguuni, na sindano ikaingia huku akimtuliza mama kwa Kigiriama. Ustadi huo haupatikani darasani. Umetokana na mamia ya watoto waliopita mikononi mwake.

Mshipa umepatikana. Je, maji yaende kwa kasi gani? Kwa miaka mingi wazoefu walijua jibu: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimzunguki vizuri aongezwe maji mengi, upesi. Walimwona akichangamka, wakaamini. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi, kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Wenye kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Kati ya kila watoto 100 walioongezwa maji upesi, 10 na zaidi walifariki ndani ya saa 48. Kati ya wasioongezwa hivyo, 7 na kidogo. Tofauti ya watoto 3 katika mia haionekani ukiwa kando ya kitanda, hata ukae wodini miaka 40. Huonekana kwa kuhesabu.

Ndiyo maana siafiki kuhesabu miaka ya kazi kana kwamba yote ina uzito mmoja. Uzoefu hufunza pale kosa linapojionyesha papo hapo, kama sindano iliyokosa mshipa. Kosa linalojificha huhitaji mtu aliyefunzwa kusoma utafiti, na hilo digrii hulifundisha zaidi.

Tangu 2013 wauguzi wa hospitali za umma huku huajiriwa na kaunti. Ningekuwa kwenye bodi ya kuajiri, kwa kazi ya kitandani ningeuliza kwanza: umefanya kazi wodi gani, zamu zipi? Miaka 3 ya usiku leba ni mizito kuliko 10 ya kupima presha mapokezi. Kwa msimamizi wa wodi ningempa mwombaji ukurasa wa mwongozo mpya anieleze umebadilisha nini. Mwenye diploma akiueleza vyema, apewe usimamizi, kisha asaidiwe kusoma bila kuacha kazi. Njia kama hiyo ipo kwa ngazi ya chini yake: tangu 2005 shirika la AMREF limewawezesha wauguzi wa cheti nchini kufikia diploma kwa masomo ya kompyuta.

Juma lijalo: ada ya masomo hayo ailipe nani?