Uzi wa Mshipi: Upi Ufaao Penye Magugu na Miamba?

Mvuvi ategaye ndoana kando ya mafunjo ya Ziwa Viktoria, au karibu na miamba ya Bukoba na ya visiwa vya Muleba kama vile Bumbire, hukabiliwa na tatizo ambalo mvuvi wa maji ya wazi halijui sana. Sangara akisha kunasa, mara nyingi hukimbilia maficho. Huko huuzungusha mshipi kwenye mashina ya mimea, au huuburuza juu ya makali ya mawe. Muda si mrefu mvuvi huvuta uzi mtupu: samaki amekwenda, ndoana imekwenda, na kipande cha mshipi kimebaki majini.

Wavuvi wa bahari za baridi, kama ile ya California au ya Rasi ya Afrika Kusini, wana tatizo la namna hiyo hiyo. Huko huota kelpi, yaani mwani mkubwa ambao aina yake moja huweza kupita urefu wa mita 40. Bahari yetu ni ya joto, kwa hiyo haina misitu ya kelpi. Lakini ziwa letu lina mafunjo, matete na gugumaji. Swali ni moja kote: uzi wa namna gani utafaa? Jibu lake limo katika fizikia na kemia tunazofundisha shuleni.

Nyuzi zimetengenezwaje?

Zamani mishipi na nyavu zilitengenezwa kwa nyuzi za mimea kama vile katani, kitani na pamba. Nyuzi hizo huoza upesi majini. Mwaka 1935 mkemia wa Marekani, Wallace Carothers, aligundua nailoni, na tangu miaka ya 1950 nyuzi za namna hiyo zilianza kuenea katika uvuvi wa ziwa letu.

Leo tunaweza kuzigawa nyuzi za mshipi katika makundi matatu. La kwanza ni uzi mmoja mzima wa nailoni, laini na wenye kupenya nuru. La pili ni uzi uliosokotwa, yaani nyuzi nyembamba zilizopotwa pamoja kama kamba. La tatu ni uzi uliosukwa, ambamo nyuzi 4, 8 au zaidi hupishana juu na chini kama miyaa ya ukili wa mkeka. Uzi uliosokotwa ukivutwa hutaka kujisokotoa, kisha ukilegea hujikunja na kufanya vitanzi. Uzi uliosukwa hauna tabia hiyo, maana nusu ya nyuzi zake huzunguka kulia na nusu kushoto, na misokoto hiyo husawazishana.

Nyuzi nyingi za kusukwa zenye nguvu kubwa hutengenezwa kwa poliethilini yenye molekuli ndefu mno. Molekuli hizo zimenyoshwa na kulazwa sambamba, nazo hubeba mzigo kwa pamoja. Hivyo uzi huo, kwa nguvu ile ile, huweza kuwa na unene wa karibu nusu ya ule wa nailoni.

Penye magugu: faida ya wembamba

Mwenye duka akitaka kukata mche wa sabuni kwa uzi, huchagua uzi mwembamba. Shinikizo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Uzi ukiwa na nusu ya upana, kani ile ile hutoa shinikizo maradufu. Ndivyo ilivyo majini. Uzi mwembamba uliokazwa hulikata shina laini la gugu, na hali uzi mnene hulikunja tu na kunaswa nalo.

Jambo la pili ni kurefuka. Mshipi wa nailoni wenye urefu wa mita 30 ukirefuka kwa asilimia 10, mvuvi atavuta mita 3 kabla samaki hajasogea hata kidogo. Katika mita hizo 3 samaki amekwisha kuingia mafunjoni. Poliethilini iliyosukwa hurefuka kwa asilimia 3 au 4 tu hata inapokaribia kukatika. Mvuvi huhisi mguso mara moja, na mvuto wake humfikia samaki papo hapo.

Tena nailoni hunywa maji. Molekuli zake zina vikundi vya amidi ambavyo huvuta molekuli za maji. Kwa sababu hiyo uzi uliolowa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Poliethilini ni kaboni na haidrojeni tupu, wala haina mahali pa kuyashikia maji. Msongamano wake ni kama gramu 0.97 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo huelea. Nailoni yenye gramu 1.14 huzama.

Penye miamba: udhaifu wake

Je, uzi uliosukwa unafaa kila mahali? La hasha. Magenge ya Bukoba ni ya mawe ya mchanga, ya kale sana, na wanajiolojia wameliita kundi zima la miamba hiyo kwa jina la mji huo. Mawe hayo yamejaa chembe za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs ambacho mwisho wake ni 10. Uzi uliosukwa ni mkusanyiko wa nyuzi nyembamba mno; kila chembe ya kwatzi hukata chache kati yake, hata uzi wote ukatike. Uzi mzima wa nailoni, ulio mnene na laini, huteleza juu ya jiwe na huvumilia zaidi.

Kadhalika, uzi usiorefuka haupunguzi mshtuko. Mvuvi mwenye fimbo huokolewa na kupindika kwa fimbo yake, lakini mvuvi wa mtumbwini hana springi nyingine ila mkono wake. Uzi mwembamba unaovutwa na sangara mkubwa huweza kumkata vidole. Kwa hiyo asiuzungushe mkononi kamwe.

Njia ya kati

Njia bora ni kuunganisha sifa za nyuzi zote mbili: mshipi mkuu uwe wa kusukwa, na mita moja au mbili za mwisho, karibu na ndoana, ziwe za nailoni nene. Nailoni hiyo iwe nene kwa ajili ya mawe, lakini nguvu yake ya kukatikia iwe ndogo kuliko ya mshipi mkuu. Hivyo ndoana ikikwama, kitakachopotea ni kipande kifupi tu. Jambo hili si dogo, kwa kuwa nyuzi hizi haziozi kama pamba. Kipande kirefu kilichopotea huendelea kunasa samaki na ndege kwa miaka mingi.

Fundo nalo liangaliwe. Kila fundo hupunguza nguvu ya uzi, na poliethilini ni telezi, tena huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi. Lilowesheni fundo kabla ya kulikaza, ili msuguano usilitie joto.

Jaribio la darasani

Chukueni nyuzi za aina mbili zinazokatika chini ya kilogramu 10. Kateni vipande 5 vya kila aina, na vingine 5 vilivyolowekwa usiku kucha. Tundikeni ndoo sentimita chache juu ya mchanga, mwongeze maji polepole hadi uzi ukatike. Lita moja ya maji ina kilogramu moja; ongezeni na uzito wa ndoo. Macho yawe mbali na uzi. Rudieni kwa vipande vyenye fundo katikati. Kisha fungeni chupa yenye nusu lita ya maji kwenye kipande kipya, mkiburuze juu ya ukingo wa jiwe, na mhesabu mivuto hadi kikatike.

Andikeni matokeo katika jedwali na mtafute wastani. Wanafunzi wataona kwamba uzi unaoshinda kwenye ndoo huenda ukashindwa kwenye jiwe. Basi hakuna uzi ulio bora kwa kila kazi. Mvuvi aanze kwa kujua samaki wake atakimbilia wapi, kisha ndipo aende dukani.