Oksijeni kwa Aliyepasuliwa Si Pumzi ya Kuagia

Imeenea baina yetu, hapa Lusahunga na kwengineko, dhana ya kuwa mgonjwa akishatiwa mpira wa oksijeni puani, basi kilichobaki ni kumsomea Yasini. Wako jamaa wanaompokea mtu wao kutoka chumba cha kupasulia, wakauona ule mpira, wakaangua kilio. Na wako wanaouchopoa usiku kwa siri, wakidhani wanamwondolea mateso. Jambo hili ni la hatari kubwa. Nasi tunakaa penye njia ya malori yaendayo Rusumo, ajali si ngeni kwetu, wala si haba wake zetu wanaozaa kwa kupasuliwa. Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha kutafuta dawa, kuing'oa iliyokwisha kupatikana si huruma.

Hewa tuivutayo, katika kila sehemu 100 zake, 21 tu ndizo oksijeni, nayo huchukuliwa na damu kwenda kwenye ubongo, moyo, na hata kwenye kidonda kinachotaka kuunga. Mtu wa afya hutosheka nayo. Lakini aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, misuli yake ya kupumua hulegea na sehemu za chini za mapafu yake hujifunga. Akizinduka, maumivu ya mshono humzuia kuvuta pumzi ndefu, na dawa kali za maumivu nazo humpunguzia kasi ya kupumua. Ndipo daktari humwongezea oksijeni, kwa mtungi au kwa mashine, mpaka mapafu yarejee kazini. Wengi huondolewa mpira huo baada ya muda si mrefu, wakanywa uji wao.

Kwamba hatari haiishi mlangoni mwa chumba cha kupasulia, ushahidi upo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25 za Afrika. Waliofariki walikuwa 239, na katika hao 225 walifariki baada ya siku ya kupasuliwa kupita. Yaani wengi wao walitoka mezani wakiwa hai, wakafia kitandani, pale ambapo muuguzi ana wengi wa kuwaangalia, na jamaa ndiye jicho la pili.

Walakini tusiende upande wa pili, tukadhani ya kuwa oksijeni ikizidi ndipo afya huzidi. Matabibu wenyewe wamehitilafiana. Mwaka 2000 watabibu wa Ulaya walieleza kwamba wagonjwa wa utumbo waliopewa oksijeni sehemu 80 kwa 100 walioza vidonda kwa kiasi cha nusu tu ya wale waliopewa 30. Mwaka 2009 wenzao wa Denmark wakajaribu kwa wagonjwa 1,400 wa tumbo, wasione tofauti. Shirika la Afya la Dunia likapendekeza hiyo 80 mwaka 2016, kwa watu wazima waliolazwa usingizi na kupitishiwa mpira kooni. Mwaka 2018 likaulegeza ushauri wake. Basi kipimo ni cha daktari. Jamaa asiongeze wala asipunguze.

Kiasi cha oksijeni katika damu husomwa kwa kidude kinachobanwa kidoleni. Hesabu ya 95 na kuendelea ni njema kwa watu wengi. Ikishuka chini ya 90, muuguzi aitwe mara moja. Hina nyeusi na rangi ya kucha huweza kukipotosha, kwa hiyo mwanamke aendaye kupasuliwa aache walau kidole kimoja kitupu. Tena, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa mara nyingine kidude hiki humwonyesha mtu mweusi ana oksijeni ya kutosha, na kumbe hana. Usitazame hesabu peke yake: ukiona midomo imegeuka rangi, pua zinapanuka, au mgonjwa anaweweseka, sema.

Huulizwa sana katika Ramadhani, je, oksijeni hufunguza? Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliitaja hewa ya oksijeni katika mambo yasiyobatilisha saumu. Hata hivyo mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Na wale wapendao kumfukiza mgonjwa udi, wajue ya kuwa oksijeni yenyewe haiwaki, ila huupa moto nguvu ya ajabu. Shuka hushika kwa cheche moja. Chetezo, kibiriti na sigara vibaki nje ya wodi.