Kovu Linavyolimaliza Ini

Mgonjwa akifikishwa hospitali macho yamekuwa ya manjano, tumbo limejaa maji na miguu imevimba, ndugu zake husema ameanza kuumwa mwezi uliopita. Mara nyingi ini lake limekuwa likiharibika kwa miaka ishirini au zaidi. Ndani ya ini hakuna neva za maumivu. Zilizopo ziko kwenye utando unaolifunika. Kwa hiyo mtu analima, anavua, analea watoto, na kiungo hiki cha karibu kilo moja na nusu kinaendelea kuliwa bila yeye kuhisi lolote.

Kinacholimaliza hasa ni kovu. Damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini, ikipenya vijia vyembamba katikati ya safu za seli. Kandokando ya vijia hivyo kuna seli zenye umbo la nyota, ambazo ini likiwa zima kazi yake ni kutunza vitamini A. Seli za jirani zikijeruhiwa, hizi za nyota huacha akiba yake, hubadilika na kuanza kutoa kolajeni, nyuzi ngumu zile zile zinazoziba kidonda cha mguuni. Jeraha likiwa la mara moja, kovu huyeyuka na seli mpya huota; ini hata likikatwa nusu hukua tena. Jeraha likijirudia kila siku, nyuzi hurundikana na kuungana hadi ini likagawanyika vinundu vigumu. Hiyo ndiyo sirosisi. Pombe hulifikisha ini huko, na siku hizi hata mafuta yanayojaa kwenye ini la mwenye kisukari au unene, ambaye huenda hajawahi kuonja bia.

Kichocho cha tumbo kina njia yake, na wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua kwa machungu. Minyoo huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yanayokosa njia ya kutokea haja kubwa husombwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama kwenye matawi madogo ya mshipa. Mwili hulizingira kila yai, na kovu hujengeka kuzunguka mshipa wenyewe. Daktari Symmers, aliyeeleza hali hii akiwa Misri mwaka 1904, aliona makovu meupe ya mviringo kama mashina ya kiko cha udongo. Seli za ini huendelea kufanya kazi, kwa hiyo mgonjwa huenda asipate manjano kabisa. Lakini damu imezibiwa njia. Bandama huvimba, mishipa ya umio hutanuka, na siku moja hupasuka. Kijana aliyekuwa akivuta nyavu jana anatapika damu leo. Prazikuanteli huua minyoo hiyo, na ikitolewa mapema huzuia yote haya.

Kirusi cha homa ya ini B hakiui seli chenyewe. Askari wa kinga ya mwili ndio wanaoziua seli zilizoambukizwa, mwaka baada ya mwaka. Umri wa kuambukizwa huamua karibu kila kitu: mtu mzima mwenye afya hukishinda, na chini ya asilimia 5 ndio hubaki nacho, lakini mtoto anayekipata wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kuishi nacho. Kirusi hujipachika pia kwenye vinasaba vya seli, hivyo saratani yaweza kuanza hata kabla ya sirosisi.

Aliye na kirusi hicho akila mahindi au karanga zenye sumukuvu, hatari ya saratani huongezeka maradufu na zaidi. Ini likijaribu kuivunja sumu hii hulizaa umbo kali linalonasa kwenye vinasaba, na kuharibu kinasaba kinachozuia saratani. Ikiwa nyingi huua haraka: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Moto wa kusonga ugali hauiondoi. Kinachosaidia ni kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani.

Kovu lenyewe linaweza kurudi nyuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa wa homa ya ini B waliotumia tenofoviri kwa miaka mitano. Kati ya 96 waliokuwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena. Dawa hiyo hiyo ndiyo inayotolewa kila siku kwenye kliniki za VVU, na mjamzito mwenye virusi vingi akipewa, hatari ya kumwambukiza mtoto hupungua sana. Mtoto naye anahitaji chanjo ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Tanzania ilianza kuwachanja watoto mwaka 2002, kwa ratiba iliyoanza wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, wakati maambukizi ya mama kwa mtoto hutokea zaidi siku ya kujifungua. Mjamzito anayetolewa damu kupimwa VVU na kaswende apimwe na homa ya ini B kwa damu hiyo hiyo, na jibu liandikwe kwenye kadi yake kabla hajaingia chumba cha kujifungulia.