Mchezo Mgumu wa Ushirika: Kwa Nini Marafiki Hugombana Kwanza, Kisha Hufurahi

Michezo tuliyoizoea tangu utotoni twaweza kuigawa katika namna mbili. Ipo michezo ya kushindana, kama vile bao, ambapo watu wawili huketi pande mbili za ubao wenye mashimo 32 na kete 64, na furaha ya mmoja huwa huzuni ya mwenziwe. Ipo pia michezo ya ushirika, ambapo wachezaji wote wako upande mmoja, na mpinzani wao si mtu bali ni ugumu wa kazi yenyewe. Hapo wote hushinda pamoja, ama wote hushindwa pamoja.

Katika miaka ya karibuni michezo ya namna hii ya pili imeenea katika kompyuta, na baadhi ya vijana wetu wameanza kukutana nayo. Wako wanaoijaribu jioni moja, wakagombana, wakaiacha. Na pengine urafiki nao ukaingia ufa. Makala hii inakusudia kueleza ugomvi huo hutoka wapi, na kwa nini wale wanaovumilia huja kuupenda mchezo kwa sababu ya ugumu ule ule uliowaudhi.

Bomu la kuigiza

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2015 kampuni ndogo ya Kanada iitwayo Steel Crate Games ilitoa mchezo unaoitwa Keep Talking and Nobody Explodes. Tuseme vijana wanne wa Galula, katika Wilaya ya Songwe, wameketi chumba kimoja wakiwa na kompyuta moja ya mpakato. Mmoja wao anaona katika kioo cha kompyuta picha ya bomu lenye waya, vitufe na taa. Wenzake watatu wanacho kitabu cha maelekezo chenye kurasa 23, kilichochapwa katika karatasi, lakini hawaruhusiwi kutazama kioo. Anayeliona bomu hajui la kufanya. Wanaojua la kufanya hawalioni bomu. Kiungo pekee kati yao ni maneno. Katika mizunguko ya mwanzo hupewa dakika 5, na wakikosea mara 3 bomu hulipuka. Mlipuko wenyewe ni picha na sauti tu, hakuna anayedhurika.

Sehemu moja ya bomu hilo ina vitufe vinne, na juu ya kila kitufe pana alama ngeni. Kitabuni alama hizo zimepangwa katika safu sita. Wenye kitabu hawana budi kuitafuta safu yenye alama zote nne, kisha kumwambia mwenzao avibonyeze vitufe kwa kufuata mpangilio wa safu hiyo, kuanzia juu kwenda chini. Kazi yenyewe ni rahisi mno kama mtu mmoja angeviona vyote viwili. Lakini sasa mtazamaji anasema, "Kuna alama kama ndoano." Wenziwe wanaona kitabuni alama tatu zinazofanana na ndoano. "Ndoano gani?" "Iliyopinduka." "Imepinduka kwa upande gani?" Wakati huo saa inakwenda, na punde bomu linalipuka. Hapo ndipo lawama huanza: huyu hakueleza vizuri, na yule hakusikiliza.

Chanzo cha lawama

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya kazi zinazofanywa kwa pamoja. Miongoni mwa waliohojiwa walikuwamo mume na mke, kila mmoja akiulizwa peke yake ni sehemu gani ya shughuli za nyumbani anayoibeba yeye. Majibu ya wengi yalipojumlishwa, jumla ilizidi kazi nzima. Haikuwa lazima kwamba mtu alisema uongo. Kila mtu huikumbuka kwa wepesi kazi aliyoifanya mwenyewe, kwa kuwa alikuwapo tangu mwanzo hata mwisho. Kazi ya mwenziwe aliiona nusu nusu.

Katika mchezo wetu hali hiyo huzidi, kwa sababu kanuni za mchezo zimekusudia kumficha kila mtu taabu ya mwenziwe. Mtazamaji haoni jinsi wenzake wanavyofunua kurasa kwa haraka wakitafuta ndoano. Wenye kitabu nao hawaoni kwamba mbele ya mtazamaji kuna taa inayomweka na saa inayokimbia. Kila upande unaijua jitihada yake tu, na kwa hiyo kila upande hudhani kwamba kosa limetoka ng'ambo ya pili.

Kutoka maneno 41 hadi maneno 8

Nini basi hubadilika kwa wale wanaoendelea kucheza? Jibu twaweza kulipata katika jaribio lililotangazwa mwaka 1986 na Herbert Clark na Deanna Wilkes-Gibbs nchini Marekani. Watu wawili walitenganishwa na kiambaza, kila mmoja akiwa na picha zile zile 12 za maumbo yasiyo na majina. Mmoja aliyaeleza maumbo hayo, na mwingine aliyapanga kwa kufuata maelezo. Kazi hiyo ilirudiwa mara sita. Katika mzunguko wa kwanza mwelezaji alitumia wastani wa maneno 41 kwa kila umbo. Katika mzunguko wa sita alitumia maneno 8 tu. Umbo lililoelezwa kwanza kwa sentensi ndefu, kwamba lafanana na mtu anayeteleza juu ya barafu huku amenyosha mikono, mwishowe liliitwa kwa jina fupi la mtelezaji, na wote wawili walielewana mara moja.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba jina hilo halikutungwa na mtu mmoja akawaamuru wengine walitumie. Mwelezaji alipendekeza, msikilizaji akauliza au akasahihisha, kisha wakakubaliana. Jina likawa mali yao wote.

Sisi wa mkoa huu twaijua kazi ya namna hiyo. Pale Tunduma, mpakani na Zambia, dereva wa lori lenye tela anaporudi nyuma haoni vyema kilicho nyuma yake. Utingo aliyesimama nyuma anaona, lakini hana usukani. Kwa maneno machache tu, "njoo, njoo, kata kulia, nyoosha, basi," lori hupita mahali pembamba. Mgeni anayesikia hudhani ni kelele. Kumbe ni lugha kamili ya watu wawili, iliyojengwa kwa safari nyingi. Tofauti na mchezo ni kwamba kosa la Tunduma huvunja ukuta au huumiza mtu, hali kosa la mchezoni halina gharama ila dakika 5. Kwa sababu hiyo mchezo ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Furaha huingia lini?

Mwaka 1975 Mihaly Csikszentmihalyi, mtaalamu wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, alieleza katika kitabu chake kwamba kazi iliyo rahisi kupita uwezo wa mtu humchosha, na iliyo ngumu kupita uwezo wake humtia wasiwasi. Furaha hukaa katikati, pale ugumu unapolingana na uwezo. Katika mchezo wa ushirika, uwezo unaohesabiwa ni ule wa kikundi kizima, wala si wa mtu mmoja mmoja. Wachezaji wanne hodari wasio na lugha ya pamoja ni kikundi dhaifu. Lugha hiyo inapoota, bomu lile lile lililowatia wasiwasi juzi huwafaa leo, na furaha huja.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. La kwanza, kila baada ya mzunguko wachezaji wasiulize "nani alikosea?" bali waulize "tulikosa neno gani?" Kama ndoano zilikuwa tatu, wazipe majina matatu kabla ya kuanza tena. La pili, wabadilishane nafasi, ili kila mmoja apate kuiona taabu ya mwenziwe kwa macho yake. La tatu, aliye mjuzi zaidi asigeuke kuwa amiri anayewaamuru wengine. Ataweza kuharakisha ushindi, lakini wenzake watabaki kuwa mikono yake tu, na watachoka.

Jaribio bila kompyuta

Msomaji asiye na kompyuta anaweza kuyapima haya nyumbani au shuleni. Chora maumbo sita ya ajabu katika karatasi, kila moja mara mbili, kisha uyakate ili upate seti mbili zilizo sawa. Watu wawili waketi wamepeana migongo, kila mmoja na seti yake. Mmoja ayapange maumbo yake na kueleza mpangilio. Mwingine ayapange yake kwa kusikiliza, akiwa na ruhusa ya kuuliza. Mtu wa tatu ahesabu maneno ya mwelezaji na kuyaandika. Rudieni mara sita kwa maumbo yale yale, kila mara kwa mpangilio mpya.

Baada ya hapo, mwondoeni msikilizaji na kumweka mtu mwingine ambaye hakuwapo, kisha hesabuni tena. Yafaa kuandika pia maswali anayouliza mgeni huyo, kwani yataonyesha ni majina yapi yaliyokuwa yamekuwa ya wawili wale peke yao.