Mali bila Daftari: Hataza na Fundi wa Kitale

Aghalabu tulisikiapo neno hataza, fikira zetu hukimbilia nchi za mbali, kwa wavumbuzi wa vioo vya televisheni na wa mitambo ichimbayo mafuta katika vilindi vya bahari. Hatumfikirii fundi wa jua kali wa Kitale, wala mwanafunzi wa Bungoma. Hilo ni kosa, nasi walimu tuna fungu letu ndani yake.

Miaka michache iliyopita nilikutana mjini Kitale na fundi aliyeunda mashine ya kupukuchua mahindi, iendeshwayo kwa pedali za baiskeli. Aliionyesha hadharani sokoni. Nilipoonana naye, karakana kadhaa za Bungoma zilikuwa zikiuza mashine kama hiyo, naye hakuwa na la kudai. Nilimwuliza iwapo aliwahi kuandika popote jinsi inavyofanya kazi. Akanijibu, "Mwalimu, kazi hii i mikononi, haimo karatasini."

Hapo ndipo penye shina la tatizo. Sheria hailindi mkono, hulinda maelezo. Kabla ya mwaka 1990, Mkenya alilazimika kwanza kupata hataza Uingereza ndipo aisajili hapa. Leo tunayo Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Hataza hudumu miaka 20 tangu ombi liwasilishwe, na uvumbuzi mdogo waweza kupewa cheti cha miaka 10. Lakini aliyekwisha kuuonyesha uvumbuzi wake hadharani ana miezi 12 tu ya kupeleka ombi. Baada ya hapo uvumbuzi huo huhesabiwa kuwa si mpya tena.

Tena ombi lina sehemu iitwayo madai, na kisichomo katika madai hakilindwi. Fundi akiandika "pedali", mshindani ataweka mpini wa kuzungusha kwa mkono, aponyoke. Akiandika "kifaa chochote cha kuzungushia", mlango huo umefungwa. Riziki ya mtu yaweza kuning'inia katika neno moja.

Nyaraka hizo huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chatambua Kiswahili pia kuwa lugha rasmi, na kifungu cha 40 chaiagiza Serikali kulinda haki za ubunifu za Wakenya wote. Je, haki isiyoeleweka na mwenyewe ni haki kweli?

Hapana budi fomu na miongozo ya hataza iwepo kwa Kiswahili pia. Nasi walimu tusingoje. Tuwape wanafunzi kazi ya kueleza jembe, jiko au baiskeli kwa maneno matupu, hata asiyewahi kukiona chombo hicho aweze kukiunda. Na kabla mwanafunzi hajapeleka kifaa chake kwenye maonyesho ya sayansi, akieleze kwa maandishi na kutia tarehe.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Yule fundi alikuwa na mali. Daftari ndilo ambalo shule zetu hazikumpa.